Mtafuta Spea wa Barabara ya Mweso

Kwenye barabara ya Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, inayotoka Sake, ikapanda Kitshanga hadi Mweso, bado utakutana na Land Cruiser za miaka ya 1980 zimesheheni maharagwe, jibini la Masisi na watu walioning'inia nyuma. Ninazozipenda zaidi ni HJ75, zenye injini ya dizeli ya 2H, silinda sita, lita nne. Toyota iliacha kuiweka injini hiyo kwenye gari hilo mwaka 1990. Kama bado inavuta kwenye vilima hivi, ni kwa sababu yupo mtu anayejua kuitafutia spea, na ustadi wa mtu huyo haujasifiwa vya kutosha.

Kazi yake huanza na chuma kilichochoka. Ukimwambia ringi zimekwisha, hakimbilii simu. "Leta pistoni niione." Ataiosha kwa dizeli, ataipangusa taratibu, kisha atasoma tarakimu zilizogongwa kichwani mwa pistoni hiyo. Silinda ya 2H ilitoka kiwandani na kipenyo cha milimita 91, lakini injini ya umri huu huwa imekwisha kukerezwa, pengine zaidi ya mara moja. Ringi za kipimo cha kiwandani zitapwaya humo. Lazima ajue kama anatafuta ringi zilizozidi kipimo cha kiwandani kwa milimita 0.50 au 1.00 kabla ya kutamka bei yoyote, na hapo hakubali kuharakishwa, hata mwenye gari akipiga kelele.

Kisha namba. Spea ya Toyota huwa na tarakimu kumi. Tano za kwanza hutaja kitu chenyewe: 13011 ni ringi, 11115 gasketi ya hedi, 11101 hedi. Zinazofuata huonyesha injini, na 68 ni ya ukoo wa 2H. Aliyeshika namba hizi kichwani anajua pia jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha ufundi huu: 2H iliwekwa vilevile kwenye HJ60 na kwenye mabasi ya Coaster. Asiyejua ataingia madukani Birere, pale Goma, aulize spea za Land Cruiser ya zamani, aambiwe hazipo, arudi mikono mitupu. Anayejua ataulizia za Coaster. Atatuma picha ya pistoni, na ya namba, kwa mtu wa soko la Kisekka kule Kampala, au wa Dubai, na kumsihi asimletee "inayofanana".

Njia zenyewe hazimhurumii. Bunagana, mpakani na Uganda, ilishikwa na waasi wa M23 Juni 2022. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025. Kila njia inapobadilika anatafuta dereva mwingine, mpokeaji mwingine, pikipiki nyingine ya kumalizia safari, na kipimo alichoandika kwenye karatasi kinabaki kilekile.

Ringi zikifika, haziamini kwa sababu ya boksi zuri. Anachukua moja, anaiingiza kwenye silinda, anaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, halafu anapitisha filagegi kwenye pengo la ncha zake. Pengo likibana mno, ringi ikipata moto itatanuka, ncha zigusane na silinda ichubuke. Likiwa pana, gari litakula oili na kutoa moshi hadi Pinga, mbele ya Mweso. Nimeona watu wakichoka kusubiri hatua hii ndogo. Mimi huisubiri kwa furaha.

Hedi iliyopasuka nayo haiendi kwa muuza vyuma chakavu hivi hivi. Hung'olewa vali, springi zake na boliti, kila kitu kikapimwa. Kinachofaa hutiwa oili na kufungwa kwenye kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kikiandikwa kilikotoka, maana 2H nyingine italetwa ikivutwa kwa kamba, imebakiza silinda nne, na mwenyewe atataka kujua kama kuna vali.