Mlima Hautaki Haraka

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika kilele cha Kibo, mlimani Kilimanjaro, na safari yao inakumbukwa pia kwa sababu walikuwa na mbao za kutelezea thelujini. Pengine duniani mchezo huo ungezaa mji mzima wa likizo, wenye mahoteli na kamba za kuvutia watu mlimani, kama walivyofanya Wamorocco kule Oukaïmeden na Wasotho kule Afriski. Kilimanjaro haikwenda njia hiyo. Theluji yake iko juu mno, na kutoka Moshi hakuna chombo kinachompeleka mtalii huko ila miguu yake mwenyewe na mtu wa kumwongoza. Kwa hiyo likizo ya theluji ya nchi yetu ilizaa kazi nyingine kabisa, ya kumchukua mtu wa tambarare, aliyezoea lifti na gari, kumfikisha mita 5,895 juu ya bahari na kumrudisha nyumbani akiwa mzima. Nashikilia kwamba huu ni ufundi kamili, sawa na wa seremala au mjenzi wa jahazi. Moyo wake ni kwenda pole pole, nao unaanza kututoka mikononi kwa sababu tumeacha kuupa siku unazohitaji.

Wapo watakaosema kwamba kutembea si ufundi, kwamba kila mwenye miguu anaweza, na njia zimechongwa zamani. Basi na tumtazame mwongozaji mzoefu usiku wa kilele. Wameondoka kambi ya Kibo au ya Barafu karibu na saa sita usiku, kwa sababu saa hizo changarawe imeganda na mguu haurudi nyuma kila ukikanyaga, kama inavyokuwa jua likishatoka. Chupa za maji amezigeuza kichwa chini, maana barafu huanza kushika juu, na mdomo wa chupa ukielekea chini maji yataendelea kutoka. Hatua yake ni fupi kama urefu wa kiatu, na haibadiliki. Haongezi mwendo mgeni anapojiona ana nguvu, wala hapunguzi kwa ghafla mgeni anapochoka. Muda wote huo anasikiliza. Yule aliyekuwa mwenye maneno mengi kule kambi ya Horombo sasa amenyamaza. Mwingine anahangaika na zipu ya koti na vidole havimtii, na wa tatu miguu inapishana. Mwongozaji atasimama, atamfunga zipu mwenyewe, atamuuliza jambo jepesi, jina la mtoto wake au mji aliotoka, naye halitaki jibu lenyewe. Anachotaka ni kusikia kama ulimi umekuwa mzito na kama jibu limechelewa. Kisha inakuja kazi ngumu kuliko zote, ya kumwambia mtu aliyejiwekea akiba miaka mingi kwamba safari yake inaishia hapo, na kumwambia kwa namna ambayo atakubali kushuka bila kuhisi amedhalilishwa. Dawa ya kweli ya ugonjwa wa mlimani ni kushuka, na kumshusha mkaidi gizani kunataka heshima ambayo haipatikani kwa siku moja.

Hoja nyingine inastahili jibu la makini zaidi. Siku hizi kuna kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma kiasi cha oksijeni katika damu, kuna mitungi ya oksijeni, na helikopta huweza kuitwa mambo yakiharibika. Je, bado tunahitaji jicho la mwongozaji mzee wa Marangu? Vifaa hivi ni vyema, vimeokoa watu, na mwongozaji anayevidharau hajui kazi yake. Lakini kifaa husoma kidole tu. Hakijui kwamba mgeni huyu ameumwa kichwa tangu jana akanyamaza kwa kuogopa kurudishwa, wala kwamba supu yake aliimwaga nyuma ya hema, wala kwamba mume anajikaza kwa sababu mke wake anaendelea vizuri. Hayo hujulikana kwa kukaa na mtu, kula naye, kumtazama akiinuka asubuhi. Kifaa kinamsaidia mwenye ufundi, na asiye nao humpa namba tu.

Historia yenyewe iko upande wa wanaokwenda taratibu. Mjerumani Hans Meyer alijaribu kufika kileleni mwaka 1887 akashindwa kwenye ukingo wa barafu. Aliporudi 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuwa amebadili mpango. Aliweka kambi za kudumu mlimani, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kuleta chakula kutoka Marangu, ili yeye na mwenzake wasilazimike kushuka kila jaribio likishindikana. Mwini Amani, mtu wa Pangani, alibaki nao kambi ya juu katika baridi ambayo hakuna mtu wa pwani aliyezaliwa nayo. Tarehe 6 Oktoba walifika. Vitabu vinataja majina mawili ya Ulaya, na Marangu inamtaja Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki mwaka 1996 baada ya kuongoza wageni kwa miaka mingi sana. Watafiti wanabishana kama alikuwamo katika msafara ule, na ubishi huo tuwaachie. Lisilobishaniwa ni kwamba kilele kilipatikana pale wageni walipokubali kukaa mlimani, na waliwezeshwa kukaa na migongo ya watu ambao hawakufika kileleni wala kuandikwa.

Sasa tulinganishe na biashara ya leo. Moshi mjini iko kwenye kimo cha mita 900 hivi. Safari fupi ya Marangu, ile ya siku tano, humlaza mgeni Mandara, kisha Horombo, kisha kumpumzisha saa chache Kibo, na alfajiri ya siku ya nne anatakiwa awe juu. Ni kama mita 5,000 za kwenda juu katika muda ambao mwili haujaanza hata kuzoea hewa nyembamba, nayo kileleni hewa ina oksijeni nusu tu ya ile ya pwani. Kila mwongozaji anajua kwamba siku moja ya ziada Horombo hubadilisha safari. Anajua pia, kwenye njia nyingine, faida ya kupanda hadi Lava Tower, kwenye mita 4,600 hivi, halafu kushuka kulala Barranco, mwili ukiwa umeonja kimo na kuachiwa upumue. Anajua, lakini ratiba imekwisha kuuzwa na mtu mwingine, mahali pengine, kwa bei ya chini. Watasema likizo za watu ni fupi na siku za hifadhini ni ghali. Ni kweli. Ila mtu aliyevuka bahari kuja kuiona theluji ya ikweta, kisha akashushwa akitapika bila kukumbuka alichokiona, hatuwezi kusema tumemwokolea fedha.

Haraka hii inazidi mlima unapojaa. Kati ya Juni na Oktoba, na tena Januari na Februari, njia za Machame na Lemosho hufurika, na penye ukuta wa Barranco watu husubiriana kwa foleni. Hapo mwongozaji hawezi kushika mwendo wake, maana wa nyuma wanasukuma na wa mbele wamekwama. Ufundi huonekana mlima ukiwa mtulivu, Novemba kabla vuli haijakolea, au upande wa Rongai, kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, ambako mvua ni chache na wapandaji ni wachache. Pale mwongozaji anaweza kusimama katikati ya njia dakika kumi kwa ajili ya pumzi ya mtu mmoja, na hakuna anayemsonga. Najua nitaambiwa kwamba umati ndio unaolisha Moshi: muuza mboga wa Mbuyuni, dereva, dobi, na wagumu, yaani wapagazi, watatu au wanne kwa kila mgeni mmoja. Sipingi hata kidogo, na anayetaka wageni wapungue ajue anagusa ada za shule za watoto wa Kibosho na Old Moshi. Ninachosema ni kwamba wageni walewale wakitawanywa katika miezi na njia, na wakiongezewa siku, kazi haipungui. Siku zaidi mlimani ni mishahara zaidi.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye hesabu. Mwongozaji hutokana na mgumu. Kijana huanza na mzigo wa kilo 20 uliopimwa getini, kata kichwani au begi mgongoni, na hupanda miaka kadhaa kabla hajapewa mgeni wa kumtazama. Wakati wote huo anasoma, na darasa lake ni hema la jikoni jioni, mzee anapoeleza kwa nini leo alimrudisha yule na hakumrudisha huyu. Safari ya haraka ina jioni chache, na kijana amezimaliza akiwa amelala kwa uchovu. Siku hizi anaweza kupata cheti na leseni, akajua majina ya mimea na huduma ya kwanza, na bado hajawahi kumsikia mzee akieleza uamuzi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwaka 2019 serikali ilisema inafikiria magari ya kebo kwenye mlima huu, na waongozaji na wagumu wakapinga kwa kuhofia ajira zao. Hofu yao ilikuwa ya haki, lakini mjadala wote uliishia kwenye ajira, kana kwamba kinachoweza kupotea ni mishahara tu. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya robo tatu tangu mwaka 1912, nasi tunalijua hilo kwa sababu kuna watu wanaopanda kuipima na kuipiga picha. Ufundi unaopotea hakuna anayeupima. Mzee wa Machame anapoacha kupanda kwa sababu ya magoti, anakwenda kukaa kihambani na migomba yake, na mawakala wa mjini wanaajiri kijana badala yake wiki hiyohiyo. Aliowarudisha salama hawakuhesabiwa popote, na kijana aliyeajiriwa hakupewa hata safari moja ya kutembea nyuma yake.