Fundi Anayelifuata Joto

"Inaacha kupooza ukiwa kwenye foleni, au hata ukiwa mwendoni?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza fundi kabla hajafungua boneti wala kushika spana. Nilikuwa nimemwamkia, akaitikia marahaba, nami nikamwambia kwa haraka ya mtu aliyelowa jasho: "Mzee wangu, AC imeisha gesi, nijazie." Habari ya gesi aliiacha ipite. Alisubiri jibu la swali lake.

Ikabidi nikumbuke. Barabara ya Mandela ikiwa wazi, baridi ilikuwa safi kutoka Ubungo mpaka Tabata. Nikifika kwenye taa za Buguruni, malori ya bandarini yamenibana kulia na kushoto, hewa inageuka vuguvugu, halafu joto tupu. Gari likitembea tena, baridi inarudi. Nilikaa na dalili hiyo mwezi mzima, na mara mbili nilikuwa nimeongezewa gesi mahali pengine bila kuulizwa chochote.

"Basi gesi ipo," alisema. "Joto ndilo limekosa pa kutokea."

Sentensi hiyo sijaisahau, maana ndiyo ufundi wenyewe. Sisi wenye magari tunadhani AC inatengeneza baridi. Aliyekunywa maji ya mtungi wa udongo kwa bibi yake anajua zaidi ya hapo, hata kama hakuwahi kulitamka: maji hupenya kwenye udongo, yanakauka juu ya ngozi ya mtungi, na yanapokauka huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Gesi ya gari hufanya kazi hiyohiyo ndani ya mabomba yaliyofungwa. R134a, inayotumika kwenye magari mengi tunayoendesha, ikiachwa wazi huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Nyuma ya dashibodi inachemka na kulibeba joto la abiria. Kompresa inaisukuma hadi kwenye kondensa, mbele ya rejeta. Pale inalitua joto, inarudi kuwa kimiminika, inaanza safari upya. Haichomwi wala hailiwi. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na fundi wa kweli atapatafuta kwa povu la sabuni na kwa alama ya mafuta kwenye maungio kabla hajajaza hata gramu moja.

Akafunga geji, bomba la bluu na bomba jekundu. Injini ikiwa imezimwa, mishale yote miwili ilisimama karibu na psi 100. "Hapa inaniambia gesi ipo," alimweleza kijana wake, "haijaniambia ni kiasi gani." Nilimsikia kijana akilirudia neno hilo kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi wa madrasa anayehifadhi.

Gari likawashwa. Klachi ya kompresa ikashika, ta. Mshale mwekundu ukapanda: 250, 300, ukapita 350, na bado unapanda. Ndani, hewa ilikuwa ya moto. Mzee akaita maji. Kijana akaja na ndoo, akaimwagia kondensa taratibu, kopo baada ya kopo. Mshale ukaanza kushuka mbele ya macho yetu, na mkono niliouweka kwenye tundu la dashibodi ukapata baridi ileile ya mwendoni. Maji yalikuwa yameifanya kazi ambayo kitu kingine kilipaswa kuifanya.

Feni ilikuwa inazunguka. Ndiyo maana kila aliyechungulia kabla yake aliridhika. Mzee akachana ukurasa wa daftari, akauweka mbele ya kondensa, akauachia. Feni yenye nguvu huivuta karatasi ikang'ang'ania pale. Ule ukurasa ulitikisika kidogo, ukadondoka kwenye vumbi. Kwa macho feni ilikuwa nzima. Karatasi ilisema haivuti. Mwendoni, upepo wa barabara ulikuwa unaificha aibu yake. Kwenye foleni ilibaki peke yake.

Mota ilipofunguliwa, kaboni zake zilikuwa zimelika mpaka karibu na mwisho. Kijana akatumwa Gerezani kutafuta nyingine. Tukiwa tunangoja, ikaja kazi ya kuitoa gesi yote, maana nyongeza zile mbili zilikuwa zimelizidisha tatizo: mfumo uliojazwa kupita kiasi hauna nafasi ya kutua joto. Njia ya mkato ni kulegeza kifuniko na kuiachia ipae. Yeye alichukua mtungi mtupu ulionyonywa hewa, akaulaza kwenye beseni la barafu, akaunganisha bomba. Gesi hukimbilia palipo na baridi, ikaingia yenyewe. R134a huliongezea joto angahewa zaidi ya mara elfu moja ya uzito uleule wa hewa ya ukaa, na mwezi Oktoba 2016, jijini Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za ukoo wake. Makubaliano ya namna ile hutimizwa mwishowe na mikono kama hii, chini ya mti, kwa beseni moja la barafu. Kisha akairudisha kwa mizani, gramu zilezile zilizoandikwa kwenye kibandiko ndani ya boneti.

Naandika haya kwa sababu ufundi huu tunaulipa vibaya. Tunakubali kulipia gesi kwa kuwa tunauona mtungi, na kulipia mota kwa kuwa tunaishika. Swali la mwanzo, ndoo ya maji, ukurasa wa daftari, hivyo tunataka tupewe bure, wakati ndivyo vilivyolitibu gari. Mwenye mtungi wa gesi yuko kila kona ya Dar es Salaam. Anayelifuata joto hatua kwa hatua mpaka mahali lilipokwama amekusanya miaka ya kusikiliza, na miaka hiyo ina bei yake.

Mota mpya ilipofungwa, kijana ndiye aliyeiokota karatasi. Aliipangusa vumbi, akaiweka mbele ya kondensa, akamtazama mzee, akaiachia. Ikanata.