Helikopta isiyo na macho

Kwenye kibanda cha video hapa Mpondwe, shilingi mia tano na benchi la kubanana, Who Killed Captain Alex? wanairudia kila mara, na kila ikifika ile helikopta watu wote wanacheka. Hata mimi. Safari hii nilikuwa na mama mdogo, ambaye tulivuka naye kutoka Kasindi usiku ule ule mmoja. Yeye hakucheka. Aliniinamia sikioni akauliza: “Hii iko natafuta nani?” Nikamjibu haitafuti mtu, mama, inapiga tu. Akasema: “Basi haiko helikopta.”

Nimelala na neno hilo siku kadhaa, na naona ni uhakiki mzuri kuliko niliowahi kusoma juu ya filamu hii.

Kwa asiyeijua: Nabwana I.G.G. aliitengeneza Wakaliga, mtaa wa Kampala, ikatoka 2010, kwa pesa inayosemekana haikufika dola 200. Richard, mkuu wa Tiger Mafia, anamkodi mamluki Puffs aibe helikopta ya jeshi, na jiji linapigwa. Helikopta yenyewe imechorwa kwa kompyuta. Inateleza juu ya maghorofa kama picha iliyobandikwa kwenye kioo. Haina kivuli. Haipeperushi vumbi, haitikisi bati hata moja. Moto unatoka dirishani, VJ Emmie anapiga kelele juu ya yote, na sisi tunashangilia.

Lakini mama mdogo hakulalamika kwamba imechorwa vibaya. Alilalamika kwamba haiangalii. Sisi tuliotoka upande wa Beni tunajua kuna helikopta inayokuja kupiga na kuna ile inayozunguka. Inayopiga, unakimbia, basi. Inayozunguka unafanya nini nayo? Inapita juu ya mihogo iliyoanikwa, inarudi, inasimama angani kidogo, inarudi tena. Unajiuliza nguo uliyovaa inafanana na ya nani. Unajiuliza kama kukimbia ndiyo kosa, ama kubaki. Tangu Operesheni Shujaa ianze mwishoni mwa Novemba 2021, mlio wake si mgeni hapa, na bado watoto wa kwetu wanaingia chini ya kitanda.

Na ndege za upelelezi zimeumbwa hivyo makusudi. Kiowa ya Wamarekani, ile OH-58D, imewekewa kamera ndani ya kitu kama mpira, juu kabisa ya mapanga yake, ili ijifiche nyuma ya miti na kuchungulia kwa huo mpira tu. Ukiichora bila jicho umechora matatu yenye mapanga.

Sasa kuna filamu ambayo helikopta yake ina macho mengi: Blue Thunder ya John Badham, ya 1983. Humo polisi wa Los Angeles wanaletewa chombo chenye silaha za vita, ati cha kulinda Olimpiki ya 1984. Kinaona gizani, kinasikia maneno kupitia ukuta, kina swichi ya kukifanya kiruke kwa mnong'ono. Kwa umbo ni kazi nzuri, lazima niseme. Pua imekatwa bapa kama uso wa mdudu, bunduki inaning'inia chini yake. Ndani ya vazi hilo lote kuna Gazelle ya kawaida ya Wafaransa, na ni mkia unaoitoa siri: lile panga dogo la nyuma limefungwa ndani ya duara, kama feni. Muzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa kaskazini mwa Rwanda mwaka 1990, nilipomwonyesha picha alisema mara moja, “Hii naijua.” Kweli, Oktoba ile jeshi la Rwanda lilirusha Gazelle dhidi ya RPF waliokuwa wameingia kwa Kagitumba wakitokea huku Uganda. Hollywood iliivisha sura ya kutisha mashine ambayo kwetu haikuhitaji kuvishwa chochote.

Lakini Blue Thunder inanikosea mahali pengine. Karibu muda wote kamera imekaa ndani ya helikopta, pamoja na rubani Murphy. Tunaona anachoona. Tunasikia anachosikiliza. Swali la filamu ni kama chombo hiki kiko kwa mtu mwema ama mbaya, na jibu ni Murphy kukiiba na mwisho kukiweka relini kigongwe na treni. Vizuri. Ila aliye chini anabaki kitu cha kuonwa. Nabwana, na ubovu wote wa michoro yake, hajasahau kwamba jiji ni la watu: helikopta anaituma juu, yeye anabaki Kampala. Ndiyo maana kicheko cha kibandani hakiniudhi sana. Tunacheka tukiwa upande wa chini.

Nilijaribu kumwonyesha mama mdogo Blue Thunder kwenye simu. Hatukufika mbali. Mapema kabisa, kabla hata hicho chombo hakijatokea, Murphy na mwenzake wanasimamisha helikopta ya kawaida ya polisi nje ya dirisha la ghorofa, usiku, wamtazame mwanamke aliye uchi akifanya mazoezi. Filamu inataka ucheke kidogo, ni utani wa wanaume kazini.

“Ule mama hajue kama wanamuona?”

Nikasema hajui.

“Wanaenda kumuuliza jina?”

Nikasema hapana, anaonekana tu, halafu hadithi inaendelea. Alinirudishia simu, akaenda kuingiza mihogo ndani, ingawa mvua haikuwa karibu.