Jumla Iliyofika Kinshasa Si Nakala ya Rejista ya Uvira

Mwaka 2015 jarida la PLoS Neglected Tropical Diseases lilichapisha utafiti wa Aurélie Jeandron na wenzake juu ya kipindupindu mjini Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Waligundua kwamba bomba likikauka siku nzima, wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu huongezeka kwa wastani wa asilimia 155 katika siku 12 zinazofuata, ikilinganishwa na maji yanapotoka vya kutosha. Walilinganisha kumbukumbu mbili za 2009 hadi 2014: idadi ya waliolazwa kila siku katika kituo cha matibabu ya kipindupindu, na kiasi cha maji kilichotoka kila siku kwenye mtambo wa Regideso, shirika la maji la taifa.

Nguvu ya utafiti huo imo kwenye tarehe. Mtu aliyeteka maji ziwani Jumatatu kwa kuwa bomba lilikauka kwa kawaida hafiki kituoni siku hiyohiyo. Huenda akafika Jumatano au Ijumaa. Ukijumlisha wagonjwa wa mwezi mzima, na maji ya mwezi mzima, uhusiano huo unafifia. Kwa hiyo anayetaka kulinda data za aina hii aulize kwanza ni kitu gani hasa anachokinakili.

Hapo ndipo naona hatari kubwa zaidi, nayo haizungumzwi vya kutosha. Kongo inakusanya takwimu za afya kwa mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Kituo kinajaza rejista ya karatasi, kinajumlisha, jumla inaingizwa kwenye kompyuta katika ofisi ya zone ya afya, na kutoka hapo inapanda hadi Kinshasa. Wengi wanaridhika hapo: data imekwisha kupelekwa, basi iko salama. Lakini kilichopelekwa ni hesabu tu. Mstari wenye umri wa mgonjwa, mtaa wake na siku aliyoingia umebaki Uvira. Seva ya Kinshasa, hata ikilindwa namna gani, haiwezi kurudisha kisichowahi kuifikia.

Na Uvira imebanwa kati ya milima na ziwa. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mto ukija hivyo hakuna muda wa kubeba sanduku la karatasi, wala wa kutafuta diski. Ziwa Tanganyika lenyewe huja polepole. Maji yake yana njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga huko Kalemie, na mvua zikizidi linapanda wiki hadi wiki, kama lilivyofanya miaka hiyo na tena mwaka 2024. Ziwa linakupa muda wa kuhama, mto haukupi. Nakala ya akiba ipangwe kwa kuufikiria mto.

Basi diski ya nje iliyoachwa imechomekwa kwenye kompyuta si akiba. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, vyote viwili vinaweza kuungua pamoja. Kirusi kilicholetwa na flashi kikiingia, kinaweza kufuta kote. Folda inayojilandanisha na intaneti nayo ina udhaifu wake: ukifuta faili kwa bahati mbaya, kufuta huko kunafuata hadi kwenye nakala, isipokuwa huduma hiyo inatunza matoleo ya zamani.

Lazima nakala moja itoke nje ya mji, na kuchagua mahali ni kazi ngumu. Bujumbura iko karibu, lakini iko kwenye ufuo wa ziwa hilohilo. Bukavu, mji mkuu wa mkoa, ilionekana chaguo la kawaida hadi Februari 2025, waasi wa M23 walipoiteka, na nakala yoyote iliyokuwa huko ikawa ng'ambo ya mstari wa vita. Mimi ningetuma nakala mbali kabisa, kwa intaneti, usiku ambapo laini ni nafuu na nyepesi. Faili ifungwe kwa nywila kabla haijatoka kituoni, majina yakiwa yametengwa na kila mgonjwa kupewa namba, kwa sababu diski yenye majina ya wagonjwa ikikamatwa njiani inaweza kuwadhuru.

Kurasa za rejista zipigwe picha wima, mchana, bila kivuli cha mkono, kila faili ikipewa jina lenye mwaka, mwezi na namba ya ukurasa. Kuandika kwenye jedwali kunaweza kusubiri, picha haisubiri.

Kisha nakala ijaribiwe. Chukua kompyuta nyingine ambayo haijawahi kuwa na data hizo, shusha nakala, ifungue kwa nywila, chagua tarehe yoyote, hesabu waliolazwa siku hiyo na ulinganishe na karatasi. Wakati mzuri ni mwisho wa mwezi, kabla ripoti haijaenda zone, maana siku hiyo rejista tayari iko mezani na mtu anaihesabu.