Kwa Mafundi wa Tovuti Ndogo, Nachingwea na Ruangwa

Tangu Namungo FC ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, Ruangwa imezoea wageni wa ghafla. Simba au Yanga ikija kucheza Uwanja wa Majaliwa, watu huanza kuingia siku moja kabla: wa Lindi, wa Masasi, wa Mtwara, na wale walioshinda barabarani kutoka Dar es Salaam. Basi likiiacha Nanganga kuelekea Ruangwa, abiria kadhaa wameshatoa simu wanatafuta pa kulala. Wanaandika maneno mawili tu, "gesti Ruangwa", halafu wanasubiri jibu. Gesti yenye vitanda safi lakini isiyo na chochote mtandaoni haipo kabisa kwa watu hao. Iliyoweka namba ya simu isiyopatikana ni mbaya zaidi, kwa sababu imewapa tumaini la bure.

Jibu hilo haliji lenyewe. Kuna mtu amelitengeneza, na katika miji yetu miwili mtu huyo mara nyingi ni kijana wa steshenari. Asubuhi anatoa fotokopi na kuchapa barua za maombi ya kazi, mchana anawajazia wanafunzi fomu za mkopo wa chuo, na jioni, foleni ikipungua, anatengeneza tovuti ya duka la pembejeo au ya mtu anayebangua na kufungasha korosho. Namsifu yeye, na ufundi wake ninaupenda kwa dhati. Anayechora bango la duka hupata sifa zake siku hiyo hiyo, maana kila anayepita analiona. Kazi ya huyu ikiwa nzuri, hakuna anayeiona. Mteja hupata namba, hupiga simu, maisha yanaendelea.

Ufundi huu ulianzia kwenye orodha ya majina. Kuanzia mwaka 1972 hadi 1989, Elizabeth Feinler aliongoza kituo cha taarifa za mtandao kule Menlo Park, California, wakati mtandao ulipokuwa bado wa watafiti wachache. Mwenye kompyuta mpya alipiga simu kwenye kituo hicho ndani ya saa za kazi, jina la kompyuta yake likaandikwa kwenye faili moja, na faili hilo likasambazwa kwa wote. Majina yalipozidi uwezo wa orodha moja, Paul Mockapetris akabuni mwaka 1983 mfumo wa kugawana kazi, na ndio tunaoutumia hadi leo. Ukiandika anwani inayoishia .co.tz, simu yako kwanza inatafuta ni nani anayeshika orodha ya .tz, huko inaelekezwa kwenye seva inayolijua jina lenyewe, na mwisho inapewa namba ya kompyuta yenye kurasa. Maswali yote hayo huisha kabla hujapepesa macho. Kwa upande wetu orodha ya .tz ilisimamiwa kwa miaka mingi na tzNIC, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA.

Hapo kwenye jina ndipo ninapompimia fundi. Kusajili jina ni kazi ya dakika chache, na fomu inauliza mambo mepesi: mmiliki ni nani, barua pepe yake ipi, simu yake ipi. Fundi mvivu hujaza za kwake ili kazi iende. Miaka miwili baadaye amehamia Dodoma na laini amebadilisha. Kumbusho la ada ya mwaka linakwenda kwenye barua pepe asiyoifungua tena, jina linasimamishwa, kisha linafutwa, na tangu hapo mtu yeyote anaweza kulisajili upya. Mwenye gesti anakuja kugutuka wakati bango la barabarani, risiti na fulana za wahudumu zote zina anwani isiyo yake.

Fundi mwema husumbua kidogo siku ya kwanza.

"Mama, barua pepe tuandike ipi?"

"Si uandike ya kwako tu, mwanangu? Mimi hayo mambo siyawezi."

"Hapana, mama. Mimi leo nipo, kesho sipo. Tufungue ya kwako, na neno la siri uliandike wewe kwa mkono wako."

Mazungumzo hayo hayaongezi hata senti kwenye malipo yake. Yanampotezea nusu saa, na pengine saa nzima kama simu ya mama imejaa picha na haina nafasi. Kwangu mimi nusu saa hiyo ina thamani kuliko rangi zote atakazoziweka kwenye ukurasa.

Baada ya jina inafuata nafasi, yaani kupangisha sehemu ya seva: kompyuta isiyozimwa, iliyounganishwa na mtandao saa 24, ambayo biashara ndogo hugawana na tovuti nyingine nyingi kwa ada nafuu. Wengi hulipa bila kuuliza seva yenyewe iko wapi. Fundi anayejua kazi huuliza. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Siku kama ile, ukurasa wa gesti ya Ruangwa unaokaa kwenye seva ya Ujerumani unamtaka mteja aliyeko Lindi avuke bahari kwa njia iliyozibika. Ukikaa kwenye seva ya Dar es Salaam, data inaweza kupita kwenye kituo cha kubadilishana cha TIX, kinachoendeshwa na TISPA, na kurudi kusini bila kutoka nchini. Sisemi kila mtu ahamishe vitu vyake leo. Anayeuza korosho kwa wateja wa Ulaya ana sababu ya kukaa karibu nao, na ziko seva za nje zinazotunzwa vizuri sana. Lakini gesti ambayo wateja wake wote ni Watanzania haina haja ya kuwazungusha duniani.

Halafu picha. Hapa nataka tumtazame fundi akiwa kazini, kwa sababu ndipo upole wake kwa mteja asiyemjua unapoonekana. Ameingia chumba namba tatu na kupiga picha kwa simu. Picha moja ina upana wa pikseli 4,000 na uzito wa MB 4 au 5. Skrini ya simu ya mteja haiwezi kuonyesha hata theluthi ya upana huo, lakini bando lake litakatwa kwa uzito wote. Kwa hiyo fundi anaipunguza hadi pikseli 1,200, anashusha ubora kidogo, anaitazama. Anaikuza na kukagua nyuzi za chandarua: zikiwa bado zinahesabika, anashusha tena. Zikianza kuvurugika anarudi hatua moja nyuma. Anaishia kwenye KB 150 hivi. Picha 10 ambazo zingekula zaidi ya MB 40 sasa zinakula MB moja na nusu. Kisha anazipanga kwa jinsi mgeni atakavyouliza: kitanda na chandarua, feni, choo cha ndani, maegesho. Picha ya lango lenye maua, ambayo mama anaipenda kuliko zote, inawekwa mwisho, na fundi anamweleza sababu kwa heshima hadi anakubali.

Maneno nayo anayapima hivyo hivyo. Bei, mahali, simu, kama maji yapo, kama chai ya asubuhi imo kwenye bei. Jina la gesti liandikwe vilevile kila mahali, kwenye tovuti, kwenye ramani ya Google, kwenye Facebook, kwenye bango, maana mashine za kutafuta zikikuta majina matatu zinaweza kudhani ni gesti tatu. Mtaa na namba ya nyumba viwe vile vilivyobandikwa mlangoni wakati wa operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Alama ya ramani haiweki akiwa steshenari. Anatembea hadi langoni, anasimama hapo, ndipo anaibandika. Huduma hiyo ya ramani ni bure, na kwa biashara nyingi za hapa inaleta wateja kuliko tovuti yenyewe. Fundi mkweli analisema hilo waziwazi hata kama linampunguzia malipo. Nimeshasikia mama lishe akiambiwa hahitaji tovuti, kwamba WhatsApp ya biashara na alama ya ramani vinamtosha, na nikamheshimu aliyemwambia.

Nachingwea ina haki ya kudai ukweli wa namna hiyo kuliko mji mwingine wowote. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilichagua sehemu tatu za Tanganyika kwa mpango wake wa karanga: Kongwa, Urambo na hapa. Lengo lilizidi ekari milioni tatu. Yakaletwa matrekta yaliyobaki baada ya vita, bandari ya Mtwara ikaanza kujengwa, reli ikavutwa hadi huku porini, na yote hayo yakitangulia kabla udongo na mvua havijajulikana vizuri. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Reli nayo haikudumu. Miaka ya 1960 ikang'olewa. Ninapoona mwenye mashine moja ya kukamua alizeti akiuziwa tovuti ya kurasa 30, yenye duka la mtandaoni na mfumo wa malipo ya kimataifa, nayakumbuka matrekta yale. Anachotaka kujua mteja wake ni kama mashine inafanya kazi leo, bei ya kukamua gunia ni kiasi gani, na kama anaweza kulipa kwa simu. Ukurasa mmoja unatosha. Biashara ikikua, utaongezwa wa pili.

Wapo wanaosema hata huo mmoja wa nini, Facebook na Instagram si zipo? Zitumike, watu wako huko. Ila tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka dunia nzima kwa saa sita hivi. Marekebisho yaliyokwenda mrama ndani ya kampuni yenyewe yalizikata seva zinazojibu maswali ya majina yake, ikawa simu zinauliza Facebook iko wapi na hakuna wa kuzijibu. Kampuni kubwa namna ile ilipotea kwa sababu ya jina. Mwenye duka aliyekuwa na anwani yake mwenyewe siku ile aliendelea kupatikana. Na hata siku ambazo mitandao hiyo ni mizima, akaunti inaweza kudukuliwa au kufungwa na mwenyewe asijue amlilie nani.

Kazi iliyobaki ni ya ulinzi, na ndiyo inayonivutia zaidi kwa jinsi isivyo na shangwe. Ukurasa unahitaji cheti cha usalama, la sivyo kivinjari kinamwambia mgeni kuwa tovuti si salama, naye anaondoka. Tangu mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt limekuwa likitoa vyeti hivyo bure. Muda wake ni mfupi, siku 90 kwa vile vilivyozoeleka, hivyo fundi anaiagiza seva ivihuishe yenyewe, kisha mara moja moja anapita kuhakikisha kweli imetii. Anasasisha programu, maana wadukuzi huingia kwa milango ambayo dawa yake ilishatolewa zamani. Anachukua nakala ya tovuti nzima na kuiweka mahali pengine mbali na seva, na siku asiyo na haraka anajaribu kuirudisha, aone kama inarudi. Kama kuna fomu ya kuweka nafasi, anauliza jina na simu tu. Mambo ya dini, umri na kazi ya mgeni hayamhusu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, ipo upande wake.

Wakulima wetu wameshazoea mambo ya mtandao kuliko wanavyodhaniwa. Korosho na ufuta wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale hukusanywa kupitia vyama vya msingi na kuuzwa chini ya chama kikuu cha RUNALI. Tangu msimu wa 2024/25, minada ya korosho inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX, ambapo mnunuzi anaweka bei akiwa popote alipo. Mzee mwenye shamba Naipanga anajua kabisa kwamba bei yake ilipitia kwenye kompyuta. Ni vigumu kumshawishi kwamba duka la mwanawe halina haja ya kuonekana huko huko.

Kinachoniudhi ni malipo. Wenye biashara wengi humlipa fundi mara moja, siku ya kukabidhiwa, kisha humpigia miaka mitatu baadaye wakilalamika kuwa tovuti imekufa. Jina lina ada ya kila mwaka, seva ina ada yake, na ulinzi ni kazi ya mwaka mzima. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye karatasi: nani analipa nini, tarehe gani, maneno ya siri yako kwa nani, na ni nani pale kaunta amefundishwa kubadilisha bei kwa simu bila kumsubiri fundi. Novemba ni mwezi mzuri wa kukaa naye, pesa za korosho zikiwa zimeanza kuingia kwenye akaunti na maduka yakiuza. Pangeni ada ya jina, ada ya seva, na ada ya mkono wake, maana hiyo ya tatu ndiyo inayoachwa nje ya hesabu.