Kikombe na Kalamu: Usawiri wa Mgonjwa katika Magazeti ya Udaku
Mwaka 2011 maelfu ya wagonjwa walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Haukupita muda, Tabora nayo ikapata kikombe chake. Magazeti ya udaku yaliisimulia mikasa hii kwa mbinu za hadithi za maajabu: taharuki, chumvi na ushuhuda wa waliodai kupona. Udhaifu wa usimulizi huo hauko katika chumvi, kwani msomaji huijua na huicheka. Uko katika mwisho wake: mara nyingi habari hukoma mgonjwa anapomeza dawa. Aliyeacha vidonge vya kupunguza makali ya VVU, akarejea nyumbani akiamini amepona, hana ukurasa. Uhakiki hauna budi kuanzia kwake.