Kiongozi wa Kwaya Mazoezini

Watu wengi huisikia kwaya jukwaani. Wachache huitazama mazoezini. Jukwaani, msomaji, utaona tunda. Mazoezini utamwona mkulima na jembe lake. Basi apendaye kujua thamani ya kiongozi wa kwaya asingoje siku ya makofi.

Mahali pazuri pa kuwalinganisha viongozi ni tamasha la mataifa, kama lile la Llangollen, mji mdogo wa Wales kando ya mto Dee, lililoanza mwaka 1947. Mwaka 1955 kwaya ya wanaume kutoka Modena, Italia, ilishinda huko, na safuni mwake alisimama kijana Luciano Pavarotti pamoja na baba yake. Katika mashindano ya namna hii, kwaya kadha huweza kupewa wimbo mmoja. Nota ni zile zile, lakini kila kiongozi huziendea kwa njia yake. Hapa tutapima njia tatu, kwa kuwatazama mabingwa wa kwingineko waliozifanya zijulikane.

Ya kwanza ni njia ya ukali. Arturo Toscanini wa Italia (1867–1957) aliongoza bila kitabu mbele yake, maana macho yake yalikuwa dhaifu na kumbukumbu yake ya ajabu. Uzembe hakuuvumilia. Mazoezini alifoka, alitukana, hata kifimbo alikivunja. Tumtendee haki: aliyoyadai kwa wengine aliyadai kwanza kwa nafsi yake.

Ya pili ni njia ya hesabu. Robert Shaw wa Marekani (1916–1999) aliwaondolea waimbaji maneno ya wimbo, akawaimbisha tarakimu za mapigo, tena kwa sauti ya chini. Hivyo kila mtu alijua hasa nota yake inaanza wapi na inakoma wapi, na koo halikuchoka kabla ya siku yake. Ila njia hii ina hatari: tarakimu hazina huzuni wala furaha. Kiongozi akichelewa kuyarudisha maneno, atabaki na mifupa isiyo na nyama.

Ya tatu ni njia ya ishara. John Curwen wa Uingereza (1816–1880) alieneza uimbaji wa do, re, mi, akaipa kila sauti ishara ya mkono: ngumi iliyofumbwa ni do. Zoltán Kodály wa Hungaria (1882–1967) na wafuasi wake walizitia ishara hizo katika mafundisho ya shule. Hapa kiongozi anaweza kunyamaza kabisa, na mwimbaji akaijua sauti kabla hajaitoa. Do, re, mi hizo ndizo zilizofika kwetu pamoja na wamisionari, na kwaya nyingi za Kenya hujifunza kwazo hata leo.

Ipi bora? Wako wasemao kwamba ukali ndio uzaao ushindi, na hutoa mfano wa Toscanini. Lakini tazama vizuri. Mwaka 1952 Toscanini alipoirekodi Simfonia ya Tisa ya Beethoven, kwaya iliyoimba ilikuwa ya Robert Shaw, nayo ilikuwa imekwisha kuandaliwa na mwalimu wake. Radi ilisikika, lakini shamba lilikwisha limwa na mtu wa subira. Aigaye makelele ya Toscanini bila elimu yake, wala kazi ya Shaw nyuma yake, ameiga kikohozi cha mwimbaji akauacha wimbo.

Kipimo changu ni hiki: kiongozi akitoka chumbani, waimbaji wamebaki na nini? Aliyewaachia hofu amewaachia kitu kitakachoondoka pamoja naye. Aliyewaachia hesabu na sikio amewaachia mali. Nawe, msomaji, ukikabidhiwa kwaya ya shule, na sauti ya tatu ikakosea mara ya nne, usiulize kwanza ni nani mjinga. Uliza ni kitu gani hukuwafundisha.